Kuwa Mtetezi wa Wazee Wanaoishi Makaoni

Mara nyingi hapa tumezungumza juu ya mtoto: chanjo, lishe, kuhara na chandarua. Leo tunamgeukia mzee, na hasa yule mzee asiyeishi kwake wala kwa mwanawe, bali katika makao ya wazee.

Huenda umewahi kufika huko. Chama chenu kilichanga pesa, mkanunua unga, sukari, sabuni na nepi za watu wazima, mkapanda matatu siku ya Jumapili. Mliimba, mkaomba, mkagawa vitu, mkapiga picha, mkarudi nyumbani na furaha. Hilo ni jambo jema na msiliache. Lakini nakuuliza: siku ile, kuna mzee yeyote uliyemuuliza anaishije pale? Analala vizuri? Ni nani humwogesha? Usiku akisikia kiu, maji huyapata? Na kama alikuwa na jambo moyoni, angelisema vipi na matroni amesimama kando yake?

Leo nataka tuzungumzie kazi ambayo mama yeyote mwenye subira anaweza kujitolea kuifanya, nayo ni kuwa mtetezi wa wazee wanaoishi makaoni. Mtetezi ni mtu wa kutoka nje, asiyelipwa na makao. Humtembelea mkaaji mara kwa mara, humsikiliza, na humsaidia kupeleka neno lake mahali linapoweza kusikika. Kazi hii haihitaji digrii. Inahitaji masikio, moyo wa kuvumilia na ulimi wenye adabu.

Ni akina nani wanaoishi makaoni?

Hapa Kenya wazee wengi bado huishi na jamaa zao. Hata hivyo makao yapo. Jijini Nairobi kuna Nyumba ya Wazee kule Kasarani, inayosimamiwa na masista Wakatoliki wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzia Ufaransa mwaka wa 1839. Pia kuna Mji wa Huruma, ulio chini ya serikali ya jiji. Kikuyu kuna makao ya Thogoto ya kanisa la PCEA. Kule Ganze, Kaunti ya Kilifi, kuna kituo cha Kaya Godoma, ambacho kimewahifadhi wazee waliokimbia kwao baada ya kusingiziwa uchawi na kutishiwa kuuawa. Siyataji haya kwa kuyalaumu. Nayataja ili ujue kwamba hata hapa kwetu mambo haya yapo.

Watu hufika makaoni kwa njia nyingi. Mmoja hakujaliwa watoto. Mwingine alizaa, lakini watoto walitangulia mbele za haki. Mjane mwingine alifukuzwa shambani na shemeji zake. Yuko pia aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, akawa anapotea njia kila jioni, na mwanawe anayefanya kazi za vibarua mjini hakuwa na mtu wa kumwachia. Kwa hiyo tukimwona mzee makaoni, tusikimbilie kusema watoto wake wamelaaniwa. Hatujui walikotoka.

Kwa nini sauti ya mtu wa nje ni muhimu?

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, ukimwona mtu ana shida mpe tu, usimsumbue kwa maswali. Kwa mgonjwa wa siku mbili ni sawa. Lakini mtu anayeishi mahali pamoja miaka saba au kumi si mgonjwa wa siku mbili. Pale ndipo nyumbani kwake. Huyu huulizwa uji. Huulizwa kama anautaka wa moto au wa vuguvugu, na wenye sukari au usio na sukari. Huulizwa anataka kulala saa ngapi, anataka kwenda kanisani au msikitini, anataka nani amwogeshe.

Shida ni kwamba mkaaji anamtegemea mhudumu kwa kila kitu. Anayemlisha ndiye anayemvisha, ndiye anayempeleka msalani. Akimlalamikia leo, kesho ni yuleyule atakayekuja na beseni la maji. Kwa hivyo wazee wengi hunyamaza. Ukiwauliza mbele ya watu, watakwambia, "Tunashukuru Mungu, tunaangaliwa vizuri." Huenda ni kweli. Huenda pia ni woga.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba, kati ya watu sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hivi hudhulumiwa kwa namna fulani katika jamii kila mwaka. Kuhusu makao, uchunguzi uliokusanywa na shirika hilo unaonyesha kwamba wafanyakazi wawili kati ya watatu walikiri kumtendea mkaaji vibaya katika mwaka uliotangulia. Usifikiri wote hao ni watu wakatili. Dhuluma si kupiga tu. Ni kumfokea mzee, kumwacha na nepi iliyolowa mpaka asubuhi, kumfunga kitini ili asitembee, kumpa dawa ya usingizi ili watu wapumzike, au kumvua nguo mlango ukiwa wazi. Mara nyingi mambo haya hutokea kwa sababu mhudumu mmoja amepewa wazee wengi mno, hakufundishwa, na amechoka. Ndiyo sababu mtetezi hatafuti adui. Anatafuta shida ilipo na namna ya kuiondoa.

Wenzetu wanafanyaje?

Nchini Marekani kazi hii iliwekewa mpango maalum. Ulianza kwa majaribio mwaka wa 1972 katika majimbo machache, na mwaka wa 1978 sheria ikataka kila jimbo liwe nao. Watu wa kujitolea hufundishwa, hupewa kitambulisho, na kila mmoja hupangiwa makao ya kutembelea. Makao hutakiwa kubandika ukutani namba ya simu ya watetezi hao, mahali ambapo wakaaji wanaweza kuiona. Mwaka wa 1987 sheria nyingine ilizitaja wazi haki za wakaaji, ikiwamo haki ya kutofungwa kwa kamba wala kwa dawa kwa ajili ya kumrahisishia mhudumu kazi. Ukiwa na ndugu aliyekwenda huko na akaajiriwa kutunza wazee, kama walivyofanya Wakenya wengi, muulize. Atakueleza.

Kanuni yao kubwa ni moja: mwenye neno ni mkaaji. Mtetezi hasemi anachokiona yeye kuwa kizuri. Husema anachokitaka mzee, na kwa ruhusa ya mzee.

Hapa kwetu kazi hii haijawekewa ofisi yake katika kila kaunti. Lakini sheria ya kusimamia tunayo. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inamhesabu mtu aliyetimiza miaka 60 kuwa mzee. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kushiriki katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na kupata malezi na msaada ufaao kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Haki hii haiishii kwenye lango la makao.

Namna ya kuanza

Usiende peke yako na usiende kwa kushtukiza. Zungumza kwanza na wenzako katika chama au kikundi cha akina mama. Wakipatikana wanne au sita walio tayari, mnatosha. Mwoneni afisa wa maendeleo ya jamii katika eneo lenu na mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu, mwaeleze nia yenu. Kisha nendeni kwa matroni au msimamizi wa makao na barua fupi yenye majina yenu na namba za vitambulisho. Mwambieni wazi: "Tungependa kuwa tukiwatembelea wazee mara mbili kwa mwezi, tuketi nao na kuwasikiliza. Tukisikia jambo linalohitaji kurekebishwa, tutakuja kwako kwanza."

Msimamizi mwema atafurahi. Naye ana shida zake, na watu wa nje wanaweza kumsaidia kuzisema. Akikataa kabisa wageni wasiingie wala wasizungumze na mkaaji faraghani, hilo lenyewe ni jambo la kumweleza afisa wa maendeleo ya jamii.

Mkisharuhusiwa, gawaneni wawili wawili, na kila wawili wawe na wazee wao. Mzee anayeona sura mpya kila mara hawezi kufungua moyo. Shikeni ahadi. Mkisema Jumamosi ya pili, iwe Jumamosi ya pili, hata kama mvua inanyesha. Mara moja moja ombeni kuja saa ya chakula cha mchana au jioni, kwa maana makao ya saa nne asubuhi si makao ya saa kumi na mbili jioni.

Namna ya kuketi na mzee

Bisha hodi, hata kama ni pazia tu. Kitanda chake ndicho chumba chake. Mwamkie kwa heshima ya kwao: shikamoo, au salamu ya lugha yake ya mama. Muulize anapenda kuitwa nani. Wengine wamekaa miaka wakiitwa "shosho" au "guka" na kila mtu mpaka majina yao yakasahaulika. Tafuta kiti uketi macho yenu yawe sawa. Usisimame juu yake kama askari. Kama hasikii vizuri, mkabili usoni na useme polepole, usipige kelele.

Usianze na "Unatendewa vibaya?" Anza na maisha. Ulizaliwa wapi? Ulikuwa ukilima nini? Jana usiku ulilalaje? Chakula gani unakipenda ambacho hujakila siku nyingi? Ni saa ngapi ya siku iliyo ngumu kwako? Swali hilo la mwisho hufungua mengi.

Akikueleza jambo, muulize mambo matatu: "Ungependa nilipeleke neno hili? Nimwambie nani? Nitaje jina lako au nisilitaje?" Akisema hapana, liache, lakini rudi tena. Huenda safari ya tatu akakubali. Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Mwambie tangu mwanzo: "Nitatunza maneno yako, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini, hapo itanibidi nitafute msaada."

Nikupe mfano. Katika makao fulani niliyokuwa nikizuru kama muuguzi, palikuwa na nyanya aliyeitwa mkaidi. Kila alfajiri alikataa kuoga, akapiga makofi mikono ya wahudumu. Ilisemekana ni ugonjwa wa kusahau. Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akimtembelea akaketi naye siku tatu tofauti, akiongea naye kwa lugha yake. Siku ya tatu nyanya alisema: "Mimi ni mama wa watu. Siwezi kuvuliwa nguo na kijana wa rika la mjukuu wangu, tena kwa maji baridi kukiwa bado giza." Yule mama akaomba ruhusa, akampelekea matroni neno hilo kwa upole. Zamu ikabadilishwa. Akawa anaogeshwa na mhudumu wa kike, saa nne, jua likiwa limetoka. Ukaidi uliisha wiki hiyohiyo. Hapakuhitajika dawa wala pesa. Alihitajika mtu wa kuuliza.

Mambo ya kuangalia

Wewe si daktari, na si kazi yako kumvua mzee nguo umkague. Lakini macho ya mama huona mengi. Angalia haya.

Kwanza, ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mahali mfupa unapokandamiza: kifandugu, nyonga, visigino na viwiko. Kidonda hakianzi kikiwa wazi. Kwa mtu mweupe ngozi huwa nyekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona mahali pameiva zaidi au pana rangi ya zambarau, na pakiguswa ni pa moto, pagumu au panauma. Usipasugue. Muulize mzee, "Ukikaa unaumwa wapi?" kisha umwombe muuguzi apaangalie siku hiyohiyo. Mzee wa kitandani anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Kidonda kikifika kwenye mfupa kinaweza kumuua.

Pili, maji. Mzee hasikii kiu kama kijana. Je, kuna kikombe karibu naye, na mkono wake unakifikia? Midomo iliyokauka, mkojo mweusi kama chai ya rangi na kizunguzungu ni dalili za kukaukiwa. Wengine hukataa kunywa kwa makusudi kwa sababu hakuna wa kuwapeleka msalani. Lakini kumbuka kuna wagonjwa wa moyo au figo ambao daktari amewapimia maji, kwa hiyo uliza kwanza.

Tatu, uzito. Pete inayochomoka kidoleni na rinda lililopwaya ni habari. Huenda meno yamemwisha na chakula ni kigumu. Huenda mikono inatetemeka na sahani huondolewa kabla hajamaliza. Ukiombwa kumlisha, hakikisha ameketi wima. Usimlishe mtu aliyelala chali, anaweza kupaliwa.

Nne, kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee aliyekutambua wiki iliyopita, leo haelewi yuko wapi. Watu watasema, "Ni uzee." Uzee hauji kwa siku mbili. Huenda ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu, ukosefu wa maji, sukari iliyoshuka, au dawa mpya. Huyu anahitaji kuonwa na daktari upesi.

Tano, usingizi wa mchana kutwa. Uliza ni dawa gani anakunywa na nani aliyeiandika.

Sita, alama za vidole mikononi, michubuko ya kamba kwenye vifundo, jeraha lisilo na maelezo, au mzee anayejikunyata mtu fulani akiingia.

Saba, vitu vyake. Miwani iko wapi? Fimbo ya kutembelea? Sweta uliyomletea mwezi jana imevaliwa na nani?

Andika katika daftari tarehe, ulichoona, ulichoambiwa na ulichoahidiwa. Usiandike unachokidhania. Daftari likae mahali pa siri. Na tafadhali, usimpige mzee picha ukaisambaza kwa simu. Mzee aliye na nepi ni mama wa mtu, na tangu mwaka wa 2019 tuna sheria ya kulinda habari za watu binafsi.

Namna ya kusema

Panda ngazi moja baada ya nyingine. Anza na mhudumu mwenyewe kwa jambo dogo. "Dada, pole na kazi. Mzee wa kitanda cha dirishani anasema kikombe chake huwa mbali. Tukikisogeza hapa itakusumbua?" Mara nyingi shida huisha hapo. Isipoisha, nenda kwa matroni. Sema ulichokiona, tarehe, na mzee anataka nini. "Tarehe 4 na tarehe 18 nilimkuta akiwa na kitanda kilicholowa saa nne. Anaomba abadilishwe kabla ya chai. Tufanyeje?" Neno hilo "tufanyeje" humfanya matroni awe mwenzako. Kisha uliza utarudi lini kupata jibu.

Huenda ukaambiwa ukweli ambao hukuujua: usiku kuna mhudumu mmoja tu, au magodoro yameisha, au kaunti haijaleta pesa. Basi sasa mna kazi ya pamoja. Chama kinachonunua sukari kila mwaka kinaweza kununua godoro zuri, au kwenda na msimamizi kwa mwakilishi wa wadi.

Kama msimamizi hasikii, andikeni barua kwa kamati ya makao, au kwa kanisa au shirika linaloyamiliki, na nakala kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Juu yake kuna Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, ambayo kazi yake inahusu wazee pia, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Kwa makao ya serikali, kuna Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Lakini likiwa ni kosa la jinai, usipande ngazi. Mzee akipigwa, akinajisiwa au akinyimwa chakula, tafuta msaada saa hiyohiyo. Namba za polisi ni 999 au 112, na kwa dhuluma za kijinsia piga 1195, bila malipo. Aliyenajisiwa afikishwe hospitalini kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asiogeshwe kwanza. Nguo zake zisifuliwe. Zifungwe katika karatasi, si katika plastiki. Usidhani nyanya wa miaka 80 hawezi kufanyiwa hivyo. Hufanyiwa.

Pesa na vitambulisho

Wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hulipwa na Serikali shilingi 2,000 kwa mwezi. Muulize mzee wako kama ameandikishwa. Kama ameandikishwa, ni nani huzipokea, naye huziona? Wapo ambao pesa zao huliwa na jamaa aliyewaleta makaoni na asirudi tena. Wengine hawapati kitu kwa sababu kitambulisho kilipotea. Kumsaidia mzee kupata kitambulisho kipya kupitia kwa chifu ni utetezi mkubwa. Bila hicho pia hawezi kuandikishwa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF kuanzia Oktoba 2024.

Wewe mwenyewe usishike pesa zake, wala namba yake ya siri, wala kadi. Usiwe shahidi katika karatasi za shamba au wosia. Usipokee zawadi yenye thamani. Ukifanya hivyo, siku utakaposema neno hakuna atakayekuamini.

Mambo ambayo mtetezi hayafanyi

Mtetezi hampi mzee dawa, hata ya kuumwa na kichwa. Hamletei mgonjwa wa kisukari soda kwa sababu ameiomba, bila kwanza kuzungumza na muuguzi. Pamoja na mzee mtauliza ni kitu gani kitamu anachoweza kupata. Halazimishi dini yake. Haji akiwa na mafua au kikohozi, na hunawa mikono akiingia na akitoka. Hafokei wahudumu. Mhudumu anayeheshimiwa huwa na nguvu za kumheshimu mzee.

Pia mtetezi hasemi uongo. Kuna maneno utakayoyasikia ambayo huwezi kuyatimiza. "Nirudishe nyumbani" ndilo kubwa. Unaweza kuwapigia jamaa simu akikuruhusu, unaweza kumwomba mzee wa ukoo au mchungaji azungumze nao. Mara nyingine watakubali kumchukua hata kwa siku chache za Krismasi au Idi. Mara nyingine shamba limekwisha kuuzwa na hakuna nyumba ya kurudi. Hapo usimwambie, "Utaenda kesho." Mwambie ukweli kwa upole, kisha umuulize ni kitu gani cha nyumbani anachokikosa zaidi. Huenda ni mboga ya mnavu, kuketi nje jioni, au kusikia lugha yake. Hicho huenda kikapatikana.

Na wewe mwenye mzazi makaoni

Kama mama yako au mkweo yuko makaoni, hakuna aliye mtetezi bora kuliko wewe. Usione haya kwenda. Mzee anayetembelewa huangaliwa zaidi, na wahudumu wote wanalijua hilo. Waeleze wahudumu yeye ni nani: alikuwa mwalimu, hali nyama, hulala upande wa kulia, huogopa giza. Mpelekee wajukuu.

Na kama unamtunza nyumbani, mambo tuliyoyasema ni yaleyale. Muulize uji. Mgeuze. Sogeza kikombe. Ukichoka, na utachoka, omba jirani au dada akupokee hata kwa nusu siku, kabla uchovu haujageuka kuwa kofi.

Ulimwengu huadhimisha siku ya wazee tarehe 1 Oktoba, na tarehe 15 Juni ni siku ya kupinga dhuluma dhidi yao. Kama chama chenu kinatafuta siku ya kuanza, chagueni mojawapo. Lakini msiishie siku hiyo. Rudini mwezi unaofuata, na unaofuata. Ziara ya pili ndiyo inayomwonyesha mzee kwamba ile ya kwanza haikuwa maonyesho.

Nenda ukazungumze na wenzako.

Mambo ya kukumbuka

Mwenye neno ni mzee, si wewe. Omba ruhusa yake kabla ya kulipeleka.
Nenda mara kwa mara, wawili wawili, ukiwa na ruhusa ya msimamizi.
Kidonda, kiu, kukonda, kuchanganyikiwa ghafla na alama za kufungwa ni mambo ya kusemwa siku hiyohiyo.
Anza na mhudumu, kisha matroni, kisha kamati na ofisi. Kosa la jinai lipelekwe moja kwa moja hospitalini na polisi.
Usishike pesa, kadi wala karatasi za shamba za mzee.

Maswali ya mazungumzo kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika eneo letu kuna makao ya wazee? Ni nani miongoni mwetu aliyewahi kuingia, na aliona nini?
2. Ni kwa nini mzee anaweza kusema "niko sawa" hata kama hayuko sawa?
3. Mzee amekueleza kwamba hufungwa kitini usiku, lakini anakuomba usiseme. Utafanya nini?
4. Pesa tulizozoea kununulia sukari na unga, mzee akiulizwa angependa zinunue nini?